Bingwa ni Neno Gani? Rekodi za Maneno Kutoka Kilwa Hadi Lindi

Kiingereza kina bingwa wake na hakioni haya kumtaja. Kitenzi run, chenye herufi tatu tu, kimehesabiwa maana 645. Kazi hiyo ilifanywa na Peter Gilliver, mhariri wa kamusi ya Oxford, ikamla miezi tisa. Habari zilipoenea mwaka 2011, neno set, lililokuwa limekalia kiti cha enzi miaka mingi, likavuliwa taji. Maana 645! Mgawie kila mtoto maana moja, darasa la watoto 45, na madarasa 14 yatajaa huku maana 15 zikibaki nje ya mlango.

Pwani ya kusini ina mashindano yake. Mkoa wa Lindi wote ulikuwa na watu 1,194,028 katika sensa ya 2022, hawafiki hata robo ya wakazi wa Dar es Salaam. Lakini tukiweka maneno uwanjani, tukauliza lipi limesafiri mbali, lipi limezama, lipi limegeuka mpaka halitambuliki na lipi limebeba mzigo mzito, ukanda huu unaweza kusimama na yeyote. Hawa hapa washindi.

1. Neno dogo lililobeba mnyama mkubwa: mjusi

Mjusi kafiri wa ukutani, yule anayewinda wadudu kwenye taa, anaenea kiganjani. Mjusi wa Tendaguru, aliyechimbwa kwenye kilima kilichoko bara ya mji wa Lindi, ana kimo cha mita 13.27. Lisimamishe wima basi la mita 12, matairi ya nyuma chini na kioo cha mbele juu, na bado kichwa cha mjusi huyo kitalichungulia kwa juu. Ndiyo mifupa mirefu kwenda juu kuliko ya dinosaria mwingine yeyote aliyesimamishwa makumbushoni, na iko Berlin tangu ilipounganishwa mwaka 1937.

Wapo wanaodhani kumwita mnyama huyo mjusi ni kumshusha hadhi. Si kweli. Neno dinosaur lilitungwa mwaka 1842 na Mwingereza Richard Owen kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya mjusi wa kutisha. Mzee wa Lindi anayesema "mjusi wetu yuko Ujerumani" anatamka jambo lile lile la profesa, tena kwa pumzi fupi zaidi.

Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200, ikabebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Wachimbaji walisimamiwa na Boheti bin Amrani, na hapa maneno yamelipa deni kidogo: mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia, yaani mkia wa Wamwera. Kabila la Lindi limeingia katika orodha ya viumbe wenye umri wa miaka milioni 150.

2. Neno lililogeuka kuliko yote: gereza

Ukivuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, jengo linalokupokea pale ufukweni ni ngome ya mawe ya matumbawe na chokaa. Jina lake ni Gereza. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji mwaka 1505 wakajenga ngome, wakaihama mwaka 1512. Waomani walikuja kuijenga upya karibu na mwanzo wa karne ya 19, na sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ni kazi yao.

Wareno waliondoka, neno likabaki. Wataalamu wengi wa lugha wanalitoa gereza kwenye igreja, neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ngome za Wareno zilikuwa na kanisa ndani, na ngome hizo hizo zilifungia watu. Polepole waliosali wakasahauliwa, wakabaki waliofungwa. Kutoka altare hadi pingu: sijaona neno jingine la Kiswahili lililopinduka kwa kiasi hicho. Meza nayo imetoka kwa Wareno, na bendera, na kasha, lakini meza ilianza meza ikaishia meza. Medali ya kugeuka inabaki Kisiwani.

3. Majina yaliyofika mbali zaidi: masultani wa Kilwa

Mwaka 1944, askari wa anga wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa! Kutoka Kilwa Kisiwani hadi hapo ni zaidi ya kilomita 10,000 za bahari. Basi la Dar es Salaam kwenda Lindi linatambaa karibu kilomita 450. Lingehitaji kwenda zaidi ya mara 22 mfululizo kuifikia hesabu hiyo.

Namna sarafu hizo zilivyofika huko bado ni ubishi wa wanahistoria. Kilicho wazi ni kwamba zilibeba majina. Chukua sarafu ya shaba ya Kilwa, ndogo kama ukucha wa kidole gumba: upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili una sifa ya kumtegemea Mungu, na pande zote mbili zimepangwa ziishie kwa kina kimoja. Ni shairi la mishororo miwili lililochongwa kwenye pesa. Mji mwingine ungeridhika kuandika jina na thamani. Kilwa ilitaka vina.

Jina la mji wenyewe halikubaki nyuma. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akalisifu jiji. Camões wa Ureno akaliingiza katika Os Lusíadas mwaka 1572, na John Milton, mshairi wa Uingereza asiyewahi kukanyaga Afrika, akalitaja katika Paradise Lost mwaka 1667 kwa tahajia ya Quiloa. Hakuna mji mwingine wa mkoa huu uliotajwa na vigogo wa lugha tatu.

4. Neno lililoiteka dunia: safari

Kiarabu kina safar. Kiswahili kikaongeza irabu, kikalitia miguuni. Waingereza wakaanza kuliandika katika miaka ya 1850, na tangu hapo halijashikika.

Watu wa Kilwa Kivinje wa karne ya 19 walijua safari kwa maana yake ngumu: msafara wa miguu kwenda Ziwa Nyasa, zaidi ya kilomita 500 kwa mstari ulionyooka, na kurudi na pembe za ndovu na watu waliotekwa. Kivinje ilikuwa bandari kuu ya kupeleka watumwa Zanzibar, na hilo ni doa ndani ya neno ambalo wageni wengi wanaolitamka hawalioni. Kwao safari ni kutazama simba ukiwa garini. Kisha likawa mashindano ya magari, Safari Rally, kuanzia 1953. Mwaka 2003 kampuni ya Apple ikalifanya jina la programu ya kufungulia kurasa za intaneti, na sasa mtu wa Tokyo analigusa kwa kidole bila kujua kwamba anagusa Kiswahili.

Waingereza waliliweka hata kwenye nguo, wakapata suti ya safari. Sisi suti hiyo hiyo tunaiita Kaunda suti, kwa jina la rais wa kwanza wa Zambia! Na nyumbani neno limebaki na maana ambayo Kiingereza hakijaifikia: "safari hii sikubali", yaani mara hii. Hapo hakuna simba wala gari, kuna ukali wa mtu aliyechoka kuonewa.

5. Lililozama chini kuliko yote: zafarani

Kwa jina, Lindi ndiye aliyestahili. Katika kamusi, lindi ni shimo refu, na kila anayesikiliza redio amesikia watu wakitumbukia katika lindi la umaskini. Asili ya jina la mji ni ubishi mwingine, siingii.

Lakini kwa vipimo halisi, viungo vya pilau vimeshinda. Mwaka 2012 kampuni ya Norway iliyoitwa Statoil, sasa Equinor, iligundua gesi katika bahari kuu mbele ya pwani ya Lindi, na visima vikapewa majina ya jikoni: Zafarani, Tangawizi, Giligiliani, Mdalasini. Maji juu ya kisima cha Zafarani yana kina cha takribani mita 2,500. Ichukue safu yote ya Uluguru, iliyosimama nyuma ya mji wa Morogoro, uishushe pale: vitachomoza vilele vichache tu. Na kabla ya kuipata gesi, bado kuna miamba ya kutoboa chini ya hayo maji.

Zafarani na saffron ya Waingereza ni ndugu wa tumbo moja, wote wametoka kwenye Kiarabu. Mmoja aliishia kwenye vyakula vya kifalme, mwenzake yuko chini ya bahari ya Lindi.

6. Fupi kuliko yote, lenye kazi nyingi: kaa dhidi ya paa

Herufi tatu kila upande, sawa na run.

Kaa ni kuketi. Kaa ni kuishi mahali. Kaa ni mnyama wa mikokoni anayetembea upande. Kaa ni kipande cha mkaa kinachowaka. Kwa hiyo inawezekana kabisa kusema, bila kosa la sarufi, kwamba kaa amekaa juu ya kaa.

Paa anajibu. Paa ni kifuniko cha nyumba. Paa ni mnyama wa porini mwenye miguu myembamba. Moshi unapaa. Samaki anapaliwa magamba na anayefanya hivyo anampaa, na katika soko la samaki kisu hakipumziki. Na zamani, kabla kiberiti hakijawa cha kila nyumba, mtoto alitumwa kwa jirani kupaa moto, yaani kuchota makaa na kuja nayo mbio kabla hayajafa.

Kaa nne, paa tano. Paa ameshinda kwa bao moja.

7. Lenye baba anayejulikana: gesi

Maneno mengi ni yatima. Gesi ina baba: Jan Baptist van Helmont wa Brussels, tabibu na mkemia wa karne ya 17, aliyelitunga akiwa na neno la Kigiriki chaos akilini. Aliandika gas, na Ulaya nzima ikamfuata. Wamarekani wakalikata upya, wakalitumia kwa petroli, ambayo ni kimiminika.

Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, kiligunduliwa kuwa na gesi mwaka 1974, na tangu 2004 inasafirishwa kwa bomba la kilomita 232 hadi Dar es Salaam, ambako inazungusha mitambo ya umeme. Ukiwasha taa Kinondoni usiku, kuna uwezekano neno la van Helmont na kisiwa cha wavuvi wa Kilwa vimo katika mwanga huo.

8. Zito kuliko yote: maji

Hapa nashusha sauti, kwa sababu rekodi hii ililipiwa kwa damu.

Maji ni neno la kila siku, la ndoo na la kisima. Mwaka 1905, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu dawa ya maji, mafuta ya nyonyo na mtama, akisema itageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Watu wa makabila yaliyokuwa hayajawahi kusimama pamoja wakakubaliana. Julai mwaka huo, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, pamba ya kulazimishwa iling'olewa shambani, na vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi uliofuata, lakini neno lilikuwa limeshatoka, likaenda hadi Ungoni.

Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata baada ya mazao kuchomwa. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Kwa kadirio la Gwassa, ujaze uwanja huo mara nne, kila kiti, na bado watu hawajaisha.

Hakuna neno la silabi mbili katika Afrika Mashariki lililobeba mzigo kama huo. Katika vitabu vya historia vya Kiingereza halijatafsiriwa: linaandikwa Maji Maji, kama lilivyotamkwa.

9. Bingwa wa jumla: mpira

Na sasa taji.

Kabla ya kuwa kitu cha kupiga teke, mpira ulikuwa mtambaachi wa porini, jamaa wa mbungo, yule ambaye matunda yake tunayakamulia juisi. Ukiukata gamba unatoa utomvu mweupe kama tui. Wakusanyaji wa bara ya Kilwa na Lindi waliukinga utomvu huo, wakauacha ugande, kisha wakauvuta nyuzi nyuzi na kuziviringa mpaka zikawa mabonge ya duara yanayodunda yakianguka. Mwishoni mwa karne ya 19 mabonge hayo yalikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za bandari hizi, na yalivuka bahari kwenda viwanda vya Ulaya vilivyokuwa na njaa ya matairi. Tazama basi jinsi maana zilivyozaliwa mbele ya macho ya watu: mmea, utomvu wake, bonge lake la duara, na chochote cha duara kinachodunda. Hakuna aliyekaa kamati.

Kutoka hapo halikushikika tena. Mpira ni mchezo: "leo kuna mpira". Ni pambano lenyewe: "mpira umekwisha, moja bila". Mpira wa kumwagilia bustani ni bomba laini. Mpira wa mkojo unamsubiri mgonjwa hospitalini. Mipira ya kiume inatajwa katika matangazo ya afya. Na limezaa ukoo mzima wa michezo: mpira wa miguu, wa pete, wa wavu, wa kikapu, wa mikono, wa meza. Mpira wa meza ni wa plastiki, hauna tone la utomvu, na jina halijashituka.

Sasa mlete mpinzani wake wa Kiingereza, rubber, uone pambano la heshima. Waingereza hawakuuita mmea kwa umbo wala kwa asili yake. Waliuita kwa kazi: mwaka 1770 Joseph Priestley, mwanasayansi yule yule wa oksijeni, aliandika kuhusu kitu kinachofuta maandishi ya penseli vizuri ajabu, na kwa kuwa unakisugua, kikaitwa kisuguo. Kwa kuwa kilitoka upande wa visiwa vya Karibi, walivyoviita Uhindi wa Magharibi, wakaongeza India mbele yake. Neno lile lile ni kifutio London, ni kondomu Chicago, ni mtu wa kuchua misuli, na kwenye karata ni mfululizo wa michezo, maana ambayo asili yake haihusiani na mti wowote. Ni mshindani wa kweli.

Kisha likapanda meli likaja kwetu, likawa raba. Raba ya shuleni inafuta kosa kwenye daftari. Raba za miguuni zinakimbia mchakamchaka. Kwa hiyo mtoto wa Ruangwa anaweza kuvaa raba, akafuta kwa raba, akacheza mpira, na mambo yote matatu yamechipuka kwenye utomvu wa aina moja: mawili yamepitia Uingereza, moja halijawahi kuondoka Lindi.

Ruangwa sijaitaja bure. Timu yake, Namungo, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania mwaka 2020, na msimu uliofuata ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wilaya iliyopakana na mapori ya mpira wa mtambaachi imeingia bara zima kwa mpira wa ngozi.

Hesabu ya jaji: safari imelishinda mpira kwa umaarufu, maji kwa uzito, zafarani kwa kina. Lakini hakuna jingine lililozaliwa kutoka kwenye mmea wa hapa hapa, likauzwa kwa ratili bandarini, likaingia hospitali, bustani, shule na uwanja, likabaki na kila maana hai hadi leo asubuhi. Taji ni la mpira.

Anayepinga alete neno lake. Masharti ni mawili: liwe limezaliwa au limetia nanga kati ya Kilwa na Lindi, na liwe na maana zisizopungua saba ambazo watu bado wanazitumia.